Maji ya Bangili

Mwanamume aliyestaafu akianza kushinda nyumbani ni kama kabati jipya sebuleni: kila upitapo unajigonga. Hivyo ndivyo fundi mapazia alivyokuwa akiwaambia wateja wake tangu mumewe arudishe ofisini buti, koti la mvua na ile kurunzi aliyokuwa akimulikia mita za maji za mji mzima. Siku za mwanzo mzee alipanga upya vyombo vya jikoni, kisha akavipanga tena kwa sababu mpango wake mwenyewe haukumridhisha. Akapita mtaani akitega sikio kwenye mabomba ya watu na kuwaambia wapi wanavuja. Hata sukari ya chai ya mama yake akaanza kuipima yeye, nusu kijiko, tena cha kupangusa, kwa kuwa alisoma mahali kwamba wazee hawaihitaji. Mkewe alivumilia. Alijua lipo kubwa zaidi njiani, na kweli likaja, tena likaja watu wakiwa mezani wanakula.

Mumewe alikuwa ameliona kwenye simu. Siku hizi balaa zote huanzia kwenye simu. Mtu mmoja mwenye koti jeupe alikuwa ameeleza kwamba ukichukua vipande viwili vya madini ya fedha, ukavitumbukiza kwenye maji safi visigusane, kimoja ukakiunganisha na chanya ya betri na kingine na hasi, basi umeme huimenya fedha chembe kwa chembe, chembe ndogo kuliko vumbi, zikaelea majini humo. Na maji hayo, alisema mwenye koti, hayana ugonjwa yanaouogopa. Kikohozi, vidonda, fangasi za miguu, upara wa mapema, yote yanakwisha kwa kijiko asubuhi na kijiko jioni.

"Na kikohozi cha Mama," akamalizia msoma mita, akimgeukia mama yake.

Mama mkwe alikuwa anakohoa tangu baridi ianze. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukera zaidi kuliko kuumiza, na daktari alikwisha sema kitapita chenyewe. Lakini mwanamume aliyekaa bure haamini kitu cha kupita chenyewe.

"Fedha yenyewe utaitoa wapi?" mkewe akauliza, na papo hapo akatamani aurudishe ulimi ndani, maana macho ya mumewe yalikuwa yamekwisha kutua kwenye mikono yake.

Bangili zilikuwa mbili, nene, moja kila mkono. Mama mkwe alimvisha siku ya harusi mbele ya ukoo mzima, na tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba ile akatoka bila kuonyeshwa. "Hebu waone bangili," mama mkwe angesema hata kabla maji ya kunywa hayajaletwa. "Fedha tupu hizo. Zilikuwa za mama yangu." Na fundi mapazia angenyoosha mikono, mgeni angeshangaa, kisha mikono ingerudishwa haraka chini ya meza. Kwa miaka mingi alikuwa na hakika kwamba yule mama anafanya vile kumkumbusha kuwa aliingia nyumba ile mikono mitupu.

"Hazitaisha," mumewe akasema. "Zitapungua kiasi cha unyoya tu. Wewe mwenyewe hutajua." Halafu akaitupia jicho pete ya ndoa iliyokuwa kidoleni mwa mkewe, akaongeza upesi, "Dhahabu haifai kwa kazi hii." Wala hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za dhahabu.

Mama mkwe aliacha kukohoa. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe wake, akarudi kwenye sahani yake.

"Mimi nilikwisha kuzitoa," akasema. "Muulize mwenye mikono."

Mwenye mikono alisema hazitoki, mikono imenenepa. Msoma mita akainuka bila kumaliza chakula, akamshika mkewe kiwiko kama mgonjwa, akampeleka kwenye sinki, akammiminia sabuni ya vyombo hadi kwenye kiwiko. Akavuta, akazungusha, akavuta tena, huku akimpa pole. Mwanamke huyu aliyekuwa akiwapigia kelele mafundi wake wawili na wauzaji wa jumla wa vitambaa, leo alisimama kwenye sinki lake mwenyewe amenyoosha mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha. Bangili zikatoka. Zikalia kwenye ubao wa vyombo, na moyo wake ukaenda nazo.

Maana zile bangili hazikuwa fedha.

Hili alilijua yeye na sonara mmoja ambaye alikwisha hama mji. Mwaka ule mumewe aliposimamishwa kazi kwa kosa la mita lililokuja kuonekana si lake, macho ya mama mkwe yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anampa mkono kabati akidhani ni mgeni. Hospitali ilitaka malipo kabla ya kisu. Fundi mapazia alikwenda kwa sonara kimya kimya. Alianza kwa kuivua pete ya ndoa, sonara akaigeuzageuza, akamrudishia kwa upole sana na kumwambia pete ya ndoa ni bora mtu akae nayo. Basi akavua bangili. Sonara akazinunua, na kwa kumhurumia akamtengenezea nyingine za shaba zinazofanana nazo, akazivisha fedha mbele ya macho yake: bakuli, dawa, waya, betri, shaba upande huu na kipande cha fedha upande ule, na umeme ukawa unaibeba fedha kutoka kule na kuilaza huku, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Alimwambia maneno ambayo hakuyasahau. Kile umeme unachokivisha, umeme unaweza kukivua.

Nyumbani alisema amelipwa mapema na mteja wa mapazia ya ofisi. Mumewe akawaambia watu kwamba yeye ndiye aliyetafuta, akapata, macho ya mama yake yakafunguliwa. Mkewe alimwachia. Mwanamume aliyesimamishwa kazi anahitaji kitu cha kusema barazani, na yeye alikuwa anahitaji kitu cha kunyamazia. Sasa, miaka yote hiyo imepita salama, bangili zinarudi kwenye umeme.

*

Maabara ilifunguliwa juu ya meza ya kupigia pasi. Mapazia ya mteja yaliyokuwa pale yakahamishiwa kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti yakateremka yenyewe hadi sakafuni. Msoma mita aliweka chupa pana ya kioo, kijiti juu ya mdomo wake, na bangili mbili zikaning'inia humo kwa waya, zimeachana kama ndugu waliogombania shamba. Betri alikuwa na tatu, zile ndogo za mraba zenye vichwa viwili, akazifunga moja nyuma ya nyingine ili nguvu ijumlishwe. Na maji aliyonunua ni yale yanayouzwa kwenye kituo cha mafuta.

"Mama anywe maji ya betri?" mkewe akamuuliza.

Alielezwa, kwa sauti ya mtu aliyesoma mita za maji maisha yake yote, kwamba maji ya kutia kwenye betri si maji yaliyotoka kwenye betri. Haya yalichemshwa yakawa mvuke, mvuke ukawa maji tena, na chumvi na takataka zote zikabaki nyuma. Hakuna maji safi kuliko haya chini ya mbingu. Mkewe akajibu kwamba alipita duka la dawa, na mhudumu akamwambia maji ya fedha tumboni hayaponyi kitu, na wapo waliokunywa wakageuka ngozi rangi ya majivu wasirudi tena. Msoma mita akasema huo ni wivu wa biashara.

Akaunganisha waya. Wote watatu wakainama kutazama, na hakikutokea chochote. Jirani yao, mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima ulimwita Breki kwa sababu ndilo neno alilolisema zaidi kwa siku, akaingia, naye akainama. Hakikutokea chochote kwa watu wanne.

"Haya maji yana kiburi," Breki akasema.

Fundi mapazia alishukuru kimoyomoyo. Shukrani ilikuwa ya haraka mno. Mumewe alikuna kidevu, akatafakari, akagundua jambo ambalo ni kweli kabisa, na ndilo lililomponza: maji yakiwa safi mno umeme hauna wa kumpanda mgongoni. Mwenye koti jeupe alikuwa ameonya kwamba hapo mtu asubiri, asitie kitu. Lakini huyu alikuwa mtumishi wa idara ya maji, si wa kusubiri. Alikwenda jikoni akarudi na chumvi, akatia kiasi cha ncha ya kidole, kisha kingine cha bahati.

Mara mapovu madogo yakaanza kupanda kutoka bangili moja, na kutoka ile nyingine ukashuka ukungu mweupe, polepole, kama maji ya kuoshea mchele. Msoma mita akazima taa, akamulika chupa kwa kurunzi, na mwanga ukaonekana umenyooka ndani ya maji kama fimbo. Akasema hizo ndizo chembe zenyewe zinazouakisi. Breki akavua kofia palepale na kuuliza kama kwa upara dawa hiyo inapakwa au inanywewa.

Hapo ndipo tarehe ilipotangazwa. Jumapili mchana majirani wangekaribishwa, na mama yake, mwenye kikohozi na mwenye bangili, angefungua kwa bilauri ya kwanza.

*

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawajawahi kuona jinsi mwongo anavyohangaika kuirefusha. Asubuhi iliyofuata fundi mapazia alizificha betri tatu kwenye gunia la vipande vya kitambaa. Msoma mita alitafuta, akalaumu panya, akaenda kwa Breki. Akarudi amekumbatia betri ya gari la mafunzo, na Breki nyuma yake na zile nyaya nene za kuamshia gari lililogoma. Wanafunzi wa udereva siku hiyo walifundishwa kugeuza usukani wa gari lililosimama.

Kwa betri ya gari, mambo hayakuwa tena ya ukungu. Chupa ilichemka kama inapikwa. Kila baada ya muda msoma mita alikuwa akizibadilisha waya, chanya ikawa hasi na hasi ikawa chanya, ili bangili ziliwe sawasawa kwa haki. Mkewe aliketi kwenye cherehani akishona mkunjo uleule mara tatu. Alikuwa akiiona ngozi ya kitunguu ikiisha. Ilipoisha, maji yalianza kubadilika: kwanza yakawa manjano machafu, halafu yakatulia kwenye rangi ya kijani yenye ubuluu, nzuri ajabu, rangi ambayo yeye angeweza kuiuza kama ingekuwa pazia.

"Umeona?" mumewe akamwambia, na sauti yake ilikuwa imelowa furaha. "Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Imeiva."

Alimwuliza mbona bangili zimekuwa nyekundu. Akajibiwa kwamba fedha ikichoka huwa nyekundu, na ikipumzika itarudi. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, simu wala mtu, lakini alilisema kwa uthabiti ambao mkewe karibu angeuamini kama asingekuwa ameiona shaba ile uchi kwa macho yake.

Alipokwenda kuoga, mkewe alichukua chupa akaimimina yote kwenye chungu cha ua la dirishani, akajaza maji ya bomba. Kosa. Msoma mita alirudi, akatazama mara moja tu, akajua haya ni ya bomba, tena akataja kwamba ni bomba la jikoni. Hakukasirika. Alidhani amekosea yeye, akaanza upya, na awamu hii kwa saa nyingi zaidi. Chupa ya pili ikatoka kijani kuliko ya kwanza. Breki alipewa kikombe kidogo cha majaribio ya nje, akaenda akijipaka utosi.

Kesho yake ua lilikuwa limelala kifudifudi. Fundi mapazia alilibeba pamoja na chungu chake hadi mbele ya mumewe, akakiri kwamba chupa ile aliimwaga humo kwa bahati mbaya.

"Tazama," akasema. "Limekufa."

"Lilikuwa na vijidudu," mumewe akasema baada ya kulichunguza. "Vimekufa."

"Na ua?"

"Ua lilikuwa limevizoea."

Basi mama wa watu akarudi jikoni, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akacheka hadi akalia, kisha akaendelea kulia peke yake. Shaba tumboni mwa mama mzee si mchezo. Akisema, maji yatamwagwa na mama mkwe atapona. Lakini akisema, ataulizwa amejuaje. Na jibu la swali hilo lilikuwa na mkia mrefu: bangili za ukoo zimeuzwa, mume amejisifia macho asiyoyanunua, na yeye amekula naye meza moja miaka yote hiyo akinyoosha mikono ya shaba. Mumewe alikuwa mtu wa kelele, lakini si mtu mbaya. Alikuwa tu na mambo machache sana ya kujivunia, na mawili kati ya hayo yalikuwa yanaelea kwenye chupa moja.

*

Jumapili sebule ilijaa. Walikuwapo Breki na mkewe, mama mwenye duka la kona, na fundi bomba aliyekuja kwa sababu alisikia kuna maji. Breki hakuvua kofia. Alipolazimishwa kuivua, upara wake ulikuwa na doa la kijani kama sarafu ya zamani, naye akasema haliwashi, ila mkewe amekataa kulala upande ule.

Msoma mita alivaa shati la kola. Alihutubia. Alieleza chanya na hasi, akaeleza chembe zinavyomenyeka, akamulika kurunzi, na fimbo ya mwanga ikasimama kwenye kijani kile hadi mama mwenye duka akasema yarabi. Kisha akamshukuru mama yake kwa bangili za fedha ambazo leo zimekuwa dawa ya mtaa, na akagusia, kwa unyenyekevu wa kulazimisha, kwamba hii si mara ya kwanza kwake kumtibu mama, maana hata macho yale anayowatazamia, wenyewe wanajua ni nani aliyehangaika.

Akajaza bilauri. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amejifunga kilemba kipya kwa shughuli hiyo, na siku nzima hakuwa amekohoa hata mara moja. Bilauri ikaanza safari yake kuelekea mdomoni.

"Mama, usinywe," fundi mapazia akasema.

Hakupiga kelele. Lakini sauti ile hakuna aliyewahi kuisikia kwake, na hata fundi bomba aliyekuwa dirishani akikagua mfereji wa nje akageuka.

"Usinywe. Zile bangili si fedha. Ni shaba iliyopakwa, na hiyo kijani ni shaba. Ni sumu."

Msoma mita alicheka kwanza, akaangalia huku na huku kama wengine wanacheka, akakuta hawacheki. Alizitoa bangili kwenye chupa. Zilikuwa zimelika pembeni, nyekundu kama tofali, na upande mmoja zimeota kitu cheusi. Hata mtu asiyejua madini angejua hizo hazijachoka wala hazitapumzika zikarudi.

"Wewe umejuaje?" akamwuliza mkewe, taratibu.

Hilo ndilo swali. Fundi mapazia alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa ameyapanga jikoni yalikuwa matatu tu, mimi ndiye niliyeziuza, na la kwanza lilikuwa bado mdomoni.

"Nilimwambia mimi," mama mkwe akasema.

Aliiweka bilauri mezani, mbali kidogo na ukingo, akakunja mikono.

"Nilimwambia siku ileile ya harusi. Nilimvisha shaba mbele ya watu, nikamnong'oneza anyamaze. Za fedha nilikuwa nimekwisha kuziuza zamani, wewe bado unatambaa. Nikanunua ile redio kubwa, na viatu vyekundu vya kuchezea dansi. Redio ndiyo ile uliyoifungua ukashindwa kuifunga."

Mama mwenye duka alijifunika mdomo kwa mkono. Breki alitazama chini. Msoma mita alisimama na bangili zake mkononi, zikimdondokea kijani kwenye shati la kola, na uso wake ukawa wa yule mtoto wa redio.

"Mama. Miaka yote hiyo unaniacha nazisifia kwa watu?"

"Ulikuwa unasifia vizuri. Sikutaka kukukatiza."

Hapo sebule ikashindwa kujizuia. Alianza fundi bomba, akafuata mke wa Breki, ambaye alikuwa na deni lake la kucheka tangu katikati ya wiki. Wageni wakapewa chai ya kawaida, wakainywa upesi, wakatoka kwenda kuusimulia mtaa kwamba bibi mzee wa msoma mita aliuza bangili za ukoo akanunua viatu vya dansi. Habari ikawahi kufika hata kona ya pili. Aibu yote aliibeba mama mkwe, na yeye aliwasindikiza hadi mlangoni akiwaaga mmoja mmoja.

*

Jikoni, fundi mapazia alimkuta mama mkwe ameinjika birika mwenyewe. Walisimama pande mbili za jiko. Miaka yote waliyokaa pamoja walikuwa wamegombana kuhusu chumvi, mapazia, namna ya kufunga milango na namna ya kulea, lakini kuhusu bangili, kamwe.

"Ulijua lini, Mama?"

"Siku waliponifungua bandeji." Mama mkwe alikuwa anatafuta vikombe mahali vilipokuwa kabla mwanawe hajavipanga. "Daktari akaniuliza naona nini. Mbele yangu ulikuwa mkono wako umeshika kikombe cha maji. Nikamwambia, daktari, naona vizuri sana."

"Zilifanana. Sonara alinihakikishia zinafanana."

"Zangu moja ilikuwa na alama za meno. Mumeo aliing'ata alipokuwa anaota meno. Sonara wako angejuaje hilo?"

Fundi mapazia akashika ukingo wa sinki, lile lile la sabuni. Aliuliza mbona basi hakusema, mbona akawa anamwonyesha kwa kila mgeni aliyepita, akimwunguza moyo hivyo. Mama mkwe akashangaa kwa dhati. Akamwambia kwamba kitu ukimwonyesha mtu kwa fahari hakichunguzi, anasema tu kizuri na kurudi kwenye mazungumzo yake. Ukimficha ndipo anapochungulia.

"Na kusema, niseme nini?" akaendelea. "Macho umeninunulia wewe. Halafu niyatumie kukuumbua?"

Fundi mapazia aligeukia dirishani akajifanya anatazama chungu kisicho na ua. Alilia kidogo, na hakujificha sana. Mama mkwe alimimina chai, akasukuma kikombe chake hadi pale mkono wa mkwe wake ulipokuwa.

"Sasa nitilie sukari, mwanangu. Vijiko vitatu, na viwe vimejaa. Na huyo mtu wako asije akanipimia tena, maana mimi naweza kukumbuka mambo."

Alikuwa anatia cha tatu mlango ulipofunguliwa. Msoma mita aliingia na waya shingoni, ameshuka mabega lakini si sana. Alikuwa amelitafakari jambo, akasema, na ameona kwamba elimu yenyewe haikukosea. Betri ilifanya kazi, chumvi labda ilizidi, lakini kilichokosekana hasa ni madini ya kweli. Kama kungekuwa na kitu humu ndani, hata kidogo, ambacho mtu ana hakika nacho.

Mkewe aliweka kijiko chini. Akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, vidole vimetanuliwa, pete ya ndoa ikametameta kwenye mwanga wa dirisha.

"Tujaribu na hii," akasema. "Hii uliinunua mwenyewe."

Msoma mita aliitazama pete. Akamtazama mkewe. Halafu akakumbuka kwamba betri ya Breki haijarudishwa na wanafunzi wa watu wanaisubiri. Ilikuwa Jumapili. Alikwenda nayo hivyo hivyo, bila viatu, na waya zikimfuata nyuma hadi barazani.

Mama mkwe alikoroga chai yake, akaionja, akaridhika.

"Na hiyo niliiona siku ileile ya bandeji," akasema.